Jina la Mahbuba

Bi Nasriya alikuwa na chumba kizima nyumbani kwake Matrah, na alitaka kukigeuza mahali pa kuwakumbuka waliouawa Unguja mwaka sitini na nne. Vitu vyao viwekwe pale, watoto waletwe wasimuliwe. Mwisho wa mwaka sabini, watu wa Unguja walipokuwa wakimiminika Maskati, akawaalika wanawake waje kuchanga.

Msimulizi wa siku hiyo alikuwa Kheiria, mjane wa Suud, mmoja wa waliouawa. Alikuja siku moja kabla, na kofia ya marehemu ya viua, iliyodariziwa kwa mkono, kaifunga kwenye leso, akamweleza Bi Nasriya yote. Bi Nasriya alisikiliza huku akitikisa kichwa, kisha akasema, "Maskini. Lakini ya huyo Mahbuba yaache, mwanangu."

"Niyaache vipi? Ndiye aliyenificha."

"Na kaka yake ndiye aliyekuja na panga. Watu watachanganyikiwa. Mtu akichanganyikiwa hatoi."

Kheiria aliiacha kofia juu ya meza, akaaga. Bi Nasriya aliondoka Unguja mwaka hamsini na tisa, kaolewa Bahreni. Hakuona hata tone la damu. Njia nzima ya kurudi nyumbani Kheiria alikuwa akijibu peke yake, kwa sauti, mpaka wapita njia wakageuka.

Kesho yake alasiri chumba kilijaa. Sinia ya shaba ilipitishwa, wanawake wakavua bangili na pete wakaweka. Bi Masouda, mama yake Suud, alikaa mbele kabisa, na bangili yake ilikuwa ya mwanzo kuingia.

Bi Nasriya akasimama. "Huyu Kheiria," alisema, sauti ikimtetema kwa ustadi, "alijificha ndani ya kisima peke yake. Mji mzima haukuwa na mtu mmoja wa kumwonea huruma. Hata mmoja!"

Wanawake wakaguna kwa uchungu. Mmoja akaanza kulia.

Kheiria alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Kisima! Nyumba yao haikuwa hata na kisima.

"Si kweli," alisema.

"Mwanangu, simulia tu..."

"Nnasimulia. Alinificha Mahbuba, jirani yangu, mke wa mchukuzi wa bandarini. Alinilaza nyuma ya kuni akanifunika magunia. Kaka yake mwenyewe alikuja na wenzake, panga mkononi, akamwambia atoke mlangoni. Mahbuba akamtukana matusi ambayo siwezi kuyasema hapa. Akamwambia, niue mimi kwanza. Wakaondoka. Suud walikuwa wameshamuua, yuko njiani, jua linampiga, na hakuna Mwarabu wa kuthubutu kutoka. Alitoka Mahbuba. Alivua shuka la kitanda chake akamfanyia sanda, akatafuta wanaume wawili wakamzika. Nyie mnataka nimfute?"

Sauti ikatoka nyuma, "Leo tumekuja kuwasifu hao waliotuua?"

"Kaa kitako!" Kheiria alimgeukia. "Waliomuua mume wangu nawachukia mpaka kesho. Usinifundishe kuchukia."

Mkono mmoja ukaingia kwenye sinia ukachukua pete. Ukafuata mwingine. Bi Nasriya akamshika Kheiria kiwiko. "Umetuharibia," alinong'ona. "Kwa ajili ya mtu ambaye hata hayupo."

"Na Suud yupo? Hicho chumba kijazeni mabirika." Akaichukua kofia juu ya meza, akatoka.

Hajafika mwisho wa kichochoro, akasikia viatu nyuma yake. Bi Masouda, buibui limemteleza mabegani, anahema. Bangili yake imerudi mkononi.

"Miaka sita!" alifoka. "Miaka sita unakula na mimi sahani moja, unanificha!"

"Ulinikataza, mama. Ulisema jina la mtu yeyote wa kule lisitajwe nyumbani mwako."

"Nilikuwa nawasema wauaji! Mimi kila usiku nnamwona mwanangu kalala njiani, mbwa wanamnusa. Na kumbe kazikwa! Na sanda kavishwa!" Akampiga Kheiria kifuani kwa ngumi, ngumi dhaifu ya kizee, kisha ya pili. Kheiria hakurudi nyuma.

"Kila nilipofungua mdomo uliondoka chumbani," alisema. "Na mimi nna hasira na wewe, mama. Nnazo nyingi."

Walirudi nyumbani, mmoja mbele, mmoja nyuma. Chumba cha Bi Nasriya kilifunguliwa baada ya Idi, kina milango ya nakshi na picha za harusi, na kisima kikasimuliwa kwa watoto. Wao wawili hawakualikwa.

Lakini jioni ya siku ile ya mchango, baada ya magharibi, Bi Masouda alikaa kitako jikoni, macho mekundu, akasema kwa ukali, "Haya. Anzia asubuhi yake. Na usinirukie kitu."

Kheiria akaanza. Alipofika kwa kaka mtu, kizee alimlaani mpaka sauti ikamkauka. Alipofika kwenye shuka, kizee akauliza lilikuwa la rangi gani.

"Jeupe, lina maua ya samawati pembeni."

"La harusi yake hilo," alisema Bi Masouda. "Endelea."