Mwizi wa Saa Tisa

Kengele isilie, Shamte alijiambia, akapitisha kisu chini ya kamba ya kibeti cha Audrey.

Kidole gumba alikuwa amekivika kipande cha pembe, makali yakishakata kamba yaishie pale, yasifike kwenye nyama. Ndivyo walivyofanya wezi wa Uingereza zama za Malkia Elizabeti wa Kwanza, watu walipokuwa wakining'iniza vibeti kiunoni. Audrey, mwenye maonyesho, aliyasoma hayo vitabuni, na kila Jumamosi saa tisa, kisha tena saa kumi na moja, alivaa gauni pana la mke wa tajiri, akasimama kwenye uwanja wa nyasi huko Maryland, aibiwe mbele ya watu. Kwenye kibeti alifunga kengele ndogo. Ikilia, mwizi ameshindwa, na watazamaji humzomea.

Kwa Shamte haikuwahi kulia. Huko kwao Unguja alikuwa mshona kofia za mkono, zile zenye vitundu vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi. Bladensburg, alikohamia, hakuna aliyezitaka, na siku za wiki alifua mashuka ya hoteli. Hii ndiyo kazi pekee Marekani iliyomtaka kwa vidole vyake, na aliipenda hadi akaionea wivu. Leo, baada ya onyesho, Audrey angesema kama nafasi ya msimu mzima ni yake au ya mtu mwingine.

Kamba ilikatika kimya. Kibeti kikatua kiganjani. Shamte alivuta pumzi, akatimua mbio.

"Mwizi!" Audrey alipiga kelele kwa Kiingereza, mikono kichwani. "Mkamateni!"

Kilichobaki kilikuwa chepesi. Azunguke viti, askari wa maigizo wamkamate, abanwe shingo na mikono kwenye ubao wenye matundu, watoto wamtupie sponji zenye maji. Lakini langoni walikuwa wakiingia watu wa kanisa moja la Wakenya wa Silver Spring, wamechelewa, wamebeba vyakula vyao. Mwanzo hawakuuona. Walichoona ni Mwafrika anakimbia na kibeti cha mzungu, kisu mkononi.

Silvanus, mzee wa kanisa, mtoto wa mitaa ya Kawangware, ambako mwizi hupigwa kwanza, hakuuliza. Aliweka sufuria ya pilau chini taratibu, isimwagike, kisha akampiga Shamte ngwala.

"Shika mwizi! Unatuchafulia jina huku majuu, ghasia wewe!"

"Ni mchezo, jamani! Wallahi ni mchezo tu!"

Kiswahili kile ndicho kilichowachoma zaidi.

"Kumbe ni wetu! Na bado anaapa!"

Wanaume watatu walimwangukia kwa mateke. Silvanus aliukanyaga mkono wenye kisu, akazungusha kisigino mpaka vidole vikasikika vikivunjika. Shamte alimlilia mamake. Nyuma yake watu mia mbili walisimama, wakapiga makofi na miluzi, maana hawakuwahi kuona onyesho tamu namna ile. Mimi ninayesimulia haya, makofi yale sijayasamehe mpaka leo.

Jerotich, mke wa Silvanus, muuguzi, ndiye aliyetazama nguo za kizamani, kengele, na watu wanaocheka.

"Baba Ethan, wacha! Wacha, nasema! Huyu ako kazini!"

Silvanus alirudi nyuma, jasho likimtiririka. "Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema," Shamte alijibu.

Nyuma ya hema, Jerotich alimfunga vidole kwa vijiti vya aiskrimu na kitambaa chake cha kichwa.

"Pole, ndugu yangu. Twende hospitali sasa hivi. Lakini sitakudanganya, hivi viwili havitakunjika tena vizuri."

Shamte alilia waziwazi, bila kujificha. Silvanus alimsogezea sahani ya pilau. "Kula kidogo, ndugu," alisema, na sahani ikabaki pale hewani.

Audrey aliingia mbio, mashavu mekundu kwa furaha.

"Nafasi ni yako, Shamte! Msimu mzima! Hawa ni marafiki zako? Walikuwa wa ajabu!"

Shamte aliinua mkono uliofungwa. "Siwezi kukata kamba tena."

Audrey aliutazama, na kwa dakika moja alisikitika kweli. "Masikini. Usijali, kamba nitailegeza mwenyewe, uivute tu. Kule kukata hakuna anayekuona. Watu wanaulizia ile ya langoni." Akamgeukia Silvanus. "Jumamosi ijayo mna nafasi? Mtampiga kwa uongo, bila shaka."

Silvanus alimtazama mkewe, kisha nyasi.

"Jumamosi niko off," alisema polepole.

Wote wakamgeukia Shamte, wakimsubiri aseme neno. Nje ya turubai, watu wa onyesho la saa kumi na moja walishaanza kufika. Habari za langoni zilikuwa zimewafikia; walivipita viti vya mbele, vyote vitupu, wakaenda kusongamana langoni, na baba mmoja akampandisha binti yake mabegani aone vizuri.