Breki Halas

"Kanyaga," alisema Bonface kutoka chini ya lori.

Samuel, aliyekuwa juu kwenye kiti cha dereva, akakanyaga. Bonface alikuwa amelala chali juu ya katoni, uso wake shubiri moja kutoka kwenye gurudumu la nyuma. Dramu alikuwa hajairudisha, kwa hiyo aliziona breki shuu, vyuma viwili vinavyoikaza dramu kutoka ndani, zikifunguka kidogo, kama mtu aliyetaka kupiga miayo akabadili nia.

"Pedo iko wapi?"

"Imegusa sakafu, fundi."

"Pampu."

Samuel alipampu. Mara ya tatu breki shuu zilifunguka sawasawa.

"Sasa imekaza," Samuel alisema. "Lakini ni mara ya tatu. Ngamia akiingia barabarani nimwombe asubiri mara ya tatu?"

Bonface hakucheka. Alifuta jasho kwa nyuma ya kiganja na kuitazama silinda mpya. Ilikuwa imefungwa vizuri. Haikuvuja hata tone. Kila alichokifanya kwa mikono yake kwenye gurudumu lile kilikuwa sawa, na bado pedo ilikuwa imegusa sakafu, saa tano mchana, mwezi wa Agosti, chini ya mabati ya Sanaiya, mtaa wa gereji za Riyadh.

Wazo la breki kubwa lilikuwa lake. Lori lilitengenezwa kubeba tani saba. Bosi, Abu Nayif, alikuwa amelirefusha bodi na kulipakia tani kumi za marumaru za kupeleka Jeddah. Wiki tatu zilizopita Samuel alirudi kutoka huko akisema breki zinanuka moto. Bonface alifungua magurudumu akakuta laining za breki zimeungua na kuwa nyeusi kama makaa. Siku hiyohiyo alimfuata bosi na kumweleza kwa vidole na kwa maneno machache ya Kiarabu aliyokuwa nayo: hii ndogo, mzigo mkubwa, tuweke breki ya lori kubwa.

Abu Nayif hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alielewa upesi. Alimpeleka kwenye tashilihi, uwanja wa magari yaliyokufa, na huko wakang'oa kutoka kwenye lori la tani kumi na mbili dramu, breki shuu, silinda za magurudumu yote manne, hata ringi zake. Bonface alipima kwa uzi, akatoboa, akapeleka kwa Mpakistani wa mashine ya kuchonga, akarudi, akapima tena. Siku nne. Hakuwahi kufundishwa kazi hiyo na mtu; alijifunza Eldoret kwa kufungua vitu na kuvirudisha. Alikuwa ameanza kujivunia.

Kilichobaki kilikuwa masta silinda, ile pampu ndogo inayosukuma mafuta kutoka kwenye pedo kwenda magurudumuni. Silinda kubwa hunywa mafuta mengi. Masta ya zamani ilikuwa na koo dogo. Bila kuibadilisha, pedo itafika chini kabla breki haijashika, na dramu zikipata moto zikatanuka, hata kupampu hakutatosha. Alimwomba bosi masta ya lori lilelile.

"Mafi, hakuna," bosi alijibu. "Masta inafanya kazi. Mimi naona inafanya."

Halafu asubuhi ile, kabla dramu hazijafungwa, zililetwa marumaru nyingine juu ya zile za awali. Tani kumi na nne. Breki zilikuwa zimekuwa kubwa, sivyo?

Bonface alitoka chini ya lori, akachukua simu yake, akabonyeza kitufe cha kurekodi ujumbe wa sauti kwa bosi. Kiarabu chake alikiokota kwa madereva. Halas alilijua vizuri, alilisikia kila siku. Maji yakiisha kwenye pipa, halas. Tairi likipasuka lisifae tena, halas. Kwao Eldoret fundi akimwambia mwenye gari breki zimeisha, mwenye gari hushuka.

"Baba, salamu alekum," alisema, kwa sauti yake ya chini. "Breki halas. Halas, baba."

Alama mbili zikageuka bluu. Kikaja kidole gumba. Kisha sauti ya Abu Nayif, yenye furaha: "Mashaallah, Bonface! Yalla, Jeddah!"

Samuel alicheka, kisha akaacha.

"Amesikia nini huyu?"

Bonface alimpigia bosi simu. Alisema breki hakuna, baba, mafi breki, hatari. Upande wa pili ikaja ile sauti tulivu.

"Saa tano breki halas. Saa sita breki mafi. Uongo ni upi?"

"Baba, halas ile mimi nilisema maana yake—"

"Mimi Mwarabu. Wewe unanifundisha halas?"



"Wewe ulitengeneza," Abu Nayif aliendelea. "Unaogopa kazi ya mkono wako? Basi panda. Kaa na Samuel mpaka Jeddah. Fundi ndani, lori tamam. Kama hutaki, mafi mushkila, hakuna shida. Polisi watakuja kuuliza mchunga ngamia anafanya nini Sanaiya."

Ikama ya Bonface, kibali chake cha kuishi nchini, iliyokuwa kwenye droo ya bosi, ilisema kazi yake ni kuchunga ngamia. Ndiyo viza iliyopatikana, wakala wa Nairobi alimwambia, karatasi tu. Alikuwa hajawahi kumgusa ngamia. Na kwenye karatasi, lori lile halikuwa na fundi.

Alirudisha dramu. Alikaza nati moja moja, akizihesabu kwa sauti. Kisha akapanda.

Siku ya kwanza barabara ilikuwa tambarare na Samuel aliendesha kwa gia, akiacha nafasi kubwa mbele yake. Walilala kwenye kituo cha mafuta njiani. Siku ya pili, alasiri, waliipita Taif na barabara ikaanza kuinama kuelekea Makka na pwani.

Samuel alisimamisha lori kabla ya mteremko. Akashusha kioo.

"Fundi. Tukifa, nani atalaumiwa?"

"Wewe dere."

"Na wewe?"

"Mimi mchunga ngamia. Nitakuwa nimeomba lifti."

Samuel alicheka kwa pua. Akavua kandambili ili aisikie pedo vizuri, akaweka gia ya pili, akaachilia.

Injini ililia. Bonface alikaa na viganja juu ya magoti, akisikiliza. Kona ya kwanza Samuel alipampu mara tatu, lori likapungua. Ya pili, mara nne. Baada ya ya tatu Bonface alimwambia apumzike penye nafasi. Wakaweka mawe nyuma na mbele ya matairi na kukaa. Bonface aliusogeza mgongo wa kiganja karibu na dramu na kuurudisha haraka. Mwanamume mmoja kwenye pikapu alisimama, akawaonyesha dumu la maji, kwamba wazimwagie. Bonface alikataa kwa mikono yote miwili. Dramu ya moto ukiimwagia maji hupasuka. Yule mtu alitikisa kichwa akaenda zake.

Walisubiri nusu saa. Kisha wakaendelea, na simu ya Samuel ikaanza kulia kwenye dashibodi. Bosi. Hakuna aliyeipokea.

Kwenye kona ndefu Samuel alikanyaga, na Bonface akausikia mlio aliokuwa akiungoja tangu Riyadh: pedo kugonga bati la sakafu.

"Pampu."

"Napampu!"

"Pampu, Sam."

"Hakuna kitu! Hakuna kitu, Bonface!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Lori lilishika kasi, na marumaru nyuma zikaanza kugongana kwa sauti ndogo, nyingi, kama vyombo vinavyooshwa. Bonface alivuta breki ya mkono kwa mikono miwili, ikanuka moto, ikalegea. Samuel alikuwa anapiga kelele kwa Kikikuyu, akimwita mama yake. Alilazimisha gia ya kwanza. Sanduku la gia likasaga meno, likakataa, kisha likakubali kwa mtikisiko uliompiga Bonface kichwa kwenye kioo. Lori likaegemea ukuta wa saruji upande wa kulia na kuukwaruza, likitoa cheche, mita hamsini, mita themanini. Chini ya kona palikuwa na kifusi cha changarawe cha watengeneza barabara. Samuel alilipeleka humo.

Vumbi lilipotua, injini bado ilikuwa ikinguruma. Hakuna hata sanduku moja la marumaru lililoanguka. Kiti cha Samuel kilikuwa kimelowa na Bonface alitazama nje ili asione.

"Usimwambie mtu," Samuel alisema.

"Sikuona kitu."

Walikaa pale mpaka dramu zikapoa, pedo ikarudi, nusu. Mteremko uliobaki waliumaliza kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Jumba lililoagiza marumaru lilikuwa Al-Hamra, karibu na bahari. Asubuhi vibarua walipokuwa wakishusha, mwanamke aliyevaa sare ya kazi za nyumbani alitoka mlango wa jikoni na jagi la maji.

"Nyinyi ni wa kwetu," alisema. "Nimewasikia mkitukanana. Naitwa Mwatime, natoka Kwale."

Alikuwa na miaka minne ndani ya nyumba ile na Kiarabu alikizungumza kama wenyewe. Aliutazama ubavu wa lori uliochunwa rangi, akauliza, na Bonface akamweleza yote taratibu, tangu silinda mpaka ujumbe wa sauti. Alipofika kwenye halas, Mwatime aliweka jagi chini.

"Halas! Kakangu, umemwambia breki ni tayari, kazi imekwisha. Kitu kibovu hakisemwi halas. Ni harban. Hata mimi mwaka wa kwanza nilimwambia madam jokofu halas, akaanza kulijaza nyama."

"Harban," Bonface alirudia.

"Harban. Shika hilo neno."

Abu Nayif alifika saa nne kwa teksi kutoka uwanja wa ndege, akiwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Alilizunguka lori. Aligusa mkwaruzo kwa kidole kimoja, akakipangusa. Kisha akabusu ncha za vidole vyake.

"Tani kumi na nne! Mia mia!"

"Baba," Bonface alisema, "njiani breki harban. Kabisa. Mlimani, breki mafi."

"Wewe uko hai?"

"Niko hai, baba."

"Samuel yuko hai?"

Samuel aliangalia chini.

"Basi breki iko," alisema Abu Nayif, bila hasira yoyote, kama mtu anayemsaidia mtoto hesabu. Akawapanga mbele ya lori na kuwapiga picha.

Waliporudi Riyadh, walikuta dramu nane, silinda na ringi za kutosha malori mawili zimerundikwa mlangoni mwa gereji. Masta hazikuwamo. Bosi aliagiza breki hizo zifungwe kwenye malori mengine, na Bonface akaanza na lori la pili. Samuel alisema mgongo unamuuma na hatapanda lori lolote. Siku ya tatu alihamishiwa jangwani, kwenye ngamia halisi, na simu yake ikawa haipatikani.

Mahali pake aliletwa Stephen, aliyekuwa na majuma mawili nchini. Kwao Kitale alikuwa akiendesha pikapu ya maziwa. Alikuwa mchangamfu, akiuliza jina la kila kitu, na asubuhi ya safari alimzunguka Bonface akiwa na mfuko wake mgongoni.

"Fundi, hiyo milima ya Taif wanasema ni mibaya. Hii kitu itashika?"

"Haitashika. Usiende mpaka nizungumze na bosi."

"Ametuma nitoke saa tatu."

"Usiende."

Forklifti ilikuwa imekwisha kupakia. Bonface aliingia chini ya lori la pili, akalala kwenye katoni, akaishika simu juu ya uso wake. Alikuwa amefanya mazoezi ya neno hilo wiki nzima.

"Baba, breki harban. Siyo halas. Harban. Masta mafi, breki harban, Jeddah mafi." Akarudia tangu mwanzo, polepole, kila neno peke yake. Akatuma.

Alama mbili zikageuka bluu. Alisubiri. Kidole gumba hakikuja. Sauti haikuja. Dakika moja ikapita, mbili, akaanza kuamini kwamba safari imevunjwa.

Ndipo juu, ndani ya kebini, simu ya Stephen ikalia mlio mfupi. Stephen akabonyeza. Kisha Bonface akaisikia sauti yake mwenyewe, ya chini, ya heshima, ikitoka kwenye simu ya mtu mwingine.

*Baba, salamu alekum. Breki halas. Halas, baba.*

"Asante sana, fundi!" Stephen aliita kutoka juu. "Bosi amenitumia. Kumbe ulikuwa unanitisha tu, mgeni."

Injini ikawaka. Vumbi la sakafu likaruka na kumwingia Bonface machoni.

"Sasa toka basi, niondoke. Yalla, fundi."

Bonface hakutoka. Aliiacha simu ianguke kifuani, akanyoosha mikono yote miwili na kuishika ekseli.

"Fundi? Uko huko?"

Juu yake Stephen alikanyaga klachi na breki ili aingize gia. Bonface aliisikia pedo ya breki ikishuka, ikishuka, mpaka ikagonga sakafu.