Hodi Tatu

Mimi ni mkali wa adabu, na sioni haya kusema hivyo. Nimesomesha Kiingereza miaka thelathini, na hakuna aliyeingia darasani kwangu bila ya kubisha hodi. Basi Mwanakheir, msichana wa Kitumbatu anayesoma chuo kikuu Tunguu na kukaa kwa shangazi yake mlango wa pili, hapa Michenzani, alinichosha. Alikuwa akisukuma mlango tu, yumo ndani. Akifunua masufuria, akimega mkate wa kumimina, kisha akijitupa kitandani kwa mke wangu, Ummukulthum, amsuke nywele. Mimi akiniita "we mzee wangu". Mke wangu alikuwa akicheka. Hatukujaaliwa mtoto wa kike, huyu akamtosha.

Siku moja nikamkalisha kitako nikamfundisha neno: overfamiliar. Nikamweleza kuwa Waingereza humwita hivyo mtu anayejipa mazoea asiyopewa, kama karani mpya anayempiga mkurugenzi begani. Nikamtaka alitungie sentensi. Akaitunga, akajitaja mwenyewe ndani yake, machozi yakimlengalenga. Nikampa alama zote. Nikamkumbusha na ada yetu: hodi tatu, usipoitikiwa, rudi kwenu.

Tangu hapo akawa na adabu ya kupigiwa mfano. Mke wangu akaninunia wiki nzima, nami nikajiona mshindi.

Mwezi uliofuata nilikwenda Darajani kununua samaki. Niliporudi, Ummukulthum alikuwa amelala sakafuni, keshakata roho. Alianguka jikoni akajikokota mpaka hatua mbili kutoka mlangoni. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Daktari alisema hakufa pale pale.

Sasa kila alasiri nasikia hodi. Tatu. Naitika, natoka, ukumbini hakuna mtu. Naogopa, wala sifichi.

Arobaini ilipopita nikaenda mlango wa pili nikamuuliza Mwanakheir kama siku ile alikuja. Akachezea ncha ya mtandio wake.

"Nlikuja, Mwalimu. Nkapiga hodi tatu. Nkasikia kitu kinabururwa chini. Nkataka kuingia, nkaona utasema nna mazoea."

Nilimshika mkono nikamsihi, mbele ya shangazi yake, kuanzia leo asibishe tena, aingie kama zamani, afunue masufuria yangu yote. Akasema inshallah. Hakuniangalia.

Jana alasiri nilikuwa nimekaa sakafuni jikoni, mahali alipoangukia mke wangu. Mlango nimeuacha wazi. Nikasikia hodi, na safari hii ilikuwa sauti ya Mwanakheir mwenyewe, na harufu ya mchuzi aliouleta. Nikataka kumwambia ingia, mwanangu. Kilio kikanikaba, neno halikutoka. Akapiga ya pili. Nikaburura mguu kumwelekea. Akapiga ya tatu, akangoja kidogo.

Kisha nikasikia kandambili zake zikirudi kwao.