Meno ya Mkurugenzi Ndani ya Hifadhi

Yule askari wa doria kwenye hifadhi ya bahari alibandikwa jina la Filimbi, na hata mama yake mzazi alishalizoea. Ukivusha pua ya boti yako upande wa pili wa boya la mpaka, masikio yako yatakoma. Mjomba wake, mvuvi, aliwahi kupulizwa filimbi mpaka akaanguka chali ndani ya boti yake mwenyewe, eti kwa sababu aliinama kunawa mikono upande wa hifadhi.

Mjomba hakumwekea kinyongo. Kilichomkera ni wavu mkubwa uliopotea zamani ukanasa kwenye matumbawe ndani ya hifadhi, unaua samaki bure, na kasa pia. Wavuvi waliomba ruhusa ya kuutoa mpaka midomo ikakauka. Mkurugenzi wa hifadhi, aliyeitunga sheria yake mwenyewe, alikuwa na jibu moja tu: "Kilichomo ndani hakitoki."

Siku moja aliamua kuja kuwaelewesha papo hapo juu ya maji. Filimbi akashika usukani, mkurugenzi akasimama mbele na kipaza sauti, wavuvi wakasikiliza kutoka kwenye boti yao nje ya boya.

"Hakitoki kitu!" alinguruma. "Si jiwe, si ganda, si wavu, si..."

Hapo meno yake ya juu, ambayo hakuna aliyejua kuwa ni ya bandia, yaliruka. Chubwi!

Maji yalikuwa maangavu. Wote waliyaona yakizama taratibu, yamekenua. Pweza akatoa mkono shimoni, akayapapasa, akayavuta ndani.

"Thimamitha boti, Hilimbi!" mkurugenzi alilia, na mguu mmoja ukawa tayari nje.

Filimbi alisita. Huyu alikuwa bosi wa bosi wake. Lakini mkono ulishazoea; ukapanda wenyewe mdomoni. Priiii!

"Samahani, mheshimiwa," alisema. "Rudisha mguu ndani."

"Ni meno yangu!"

"Yalikuwa yako. Sasa yamo ndani."

Boti ya wavuvi ilitikisika kwa vicheko. Mjomba alijifuta machozi, akapaza sauti: "Mheshimiwa, turuhusu tutoe wavu wetu, na meno tutakutafutia!"

Mkurugenzi aliangalia shimo la pweza, akaangalia wavuvi, akashusha pumzi. "Kithichodhaliwa baharini na kitoke!"

"Kwenye kipaza sauti, mheshimiwa," Filimbi alimsihi. "Sheria lazima isikike."

Akairudia, uso umemwiva.

Wavuvi walipiga mbizi. Wavu uliwatoa jasho, ukaja na kasa aliyenaswa, bado yu hai. Mjomba alipokata uzi wa mwisho, kasa alimzaba kofi la shavu, akaenda zake bila hata asante. Pweza ndiye aliyegoma kabisa. Mjomba aliingiza mkono shimoni, ukatoka na alama za duara hadi begani na hauna hata jino moja.

"Ameyapenda," alitangaza.

Kesho yake mkurugenzi alikwenda redioni hivyohivyo, bila meno, kutangaza sheria mpya. Filimbi alisikiliza kazini, kajificha nyuma ya matangi ya mafuta kwa aibu. Wasikilizaji walipiga simu kwa wingi kupongeza. Mmoja tu aliomba ufafanuzi: hao thamaki wanaolindwa ni wakubwa kiasi gani, na je, wanauma?