Vitanda vya Mninga

Kwa miaka kumi na minne msusi yule alikuwa akiwasuka wanawake wanaokwenda safari. Walikaa kwenye kigoda mbele yake, shingo zimelegea, wakamsimulia habari za jiji kuu: bustani yenye wanyama, maghorofa ya kuumiza shingo, ngazi zinazopanda zenyewe. Yeye alisema "ehee" na "wacha wee," akamaliza nywele, akawapungia mkono. Mwaka huu akasema liwalo na liwe, familia nzima inakwenda jijini siku nne, na mumewe haendi na kazi.

Hilo la kazi ndilo lililokuwa roho ya safari. Mumewe alikuwa seremala, na mtaa mzima ulimwita Futi, maana hakuna kitu alichokiona asikipime. Safari yao ya pekee ilikuwa fungate, kwa shangazi yake Futi, na bwana harusi aliimaliza fungate ile akitengeneza milango ya shangazi, yote saba. Bibi harusi ndiye aliyemshikia misumari.

"Safari hii nataka mume, sitaki fundi," alimwambia. "Ukigusa nyundo, hata ya kuazima, panda basi urudi. Sisi tutabaki."

"Ahadi ni deni, mama watoto," Futi akajibu, mkono kifuani.

Begi lake lilikaguliwa mara mbili hata hivyo.

Sasa malazi. Kila hoteli ambayo msusi aliipigia simu ilikuwa na chumba cha familia, lakini familia ya hotelini ni baba, mama na mtoto mmoja asiyelia. Wao walikuwa sita: yeye na mumewe, mama mkwe, binti wa miaka kumi na miwili, na mapacha wa kiume wa miaka saba ambao kwa fujo unaweza kuwahesabu wanne. Hoteli moja ilitaka wachukue vyumba vitatu. Nyingine iliposikia neno mapacha, simu ikakatika, na msusi hakuamini kwamba ni mtandao. Kwa bei zile wangelala vizuri usiku mmoja na kula hewa siku tatu.

Aliyemwokoa ni mteja mmoja aliyekuwa chini ya chanuo. Alimpa namba ya mwalimu mstaafu mwenye nyumba jijini. Nyumba ile hupangishwa wanafunzi wa chuo, na wakati huu chuo kilikuwa kimefungwa. Chumba kilikuwa kikubwa, jiko lipo, na bei ilimfanya msusi aulize mara mbili. Lakini mikono yake ilikuwa imejaa nywele za watu, basi akamkabidhi mumewe simu aulize habari za vitanda. Hapo ndipo alipokosea.

Futi aliuliza dakika ishirini nzima. Mbao gani? Mninga. Upana? Futi nne, kila kimoja, na viko vitatu. Chaga ngapi? Zimepigiliwa misumari au zimekaa kwenye matundu ya kuchongwa? Mwalimu akainama kutazama, akarudi kwenye simu, akajibu. Futi alipokata simu macho yalikuwa yanang'aa.

"Mke wangu, vile vitanda hata tembo analala."

Siku ya safari walifika mchana, na vitanda vilikuwa kweli vya mninga. Vilikuwa vitatu, vizito, vimepigwa msasa mpaka vinateleza. Na vilikuwa vitupu. Chaga, zile mbao za kukingama, zilionekana zote, na chini ya chaga sakafu ilionekana vizuri.

"Magodoro yako wapi, Mwalimu?" msusi akauliza.

"Wanafunzi huja na yao, mwanangu." Mwalimu akashangaa. "Na mumeo alivyoniuliza kitaalamu vile, nikasema huyu mtu anajua anachokitaka. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui hizo chaga ni ngapi."

Wote wakamgeukia Futi. Futi alikuwa anatazama dari.

Mama mkwe alijikalisha polepole ukingoni mwa kitanda. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema. "Sisi leo hata kuinama hatuna haja. Mvungu wote tunauona tukiwa tumekaa."

Msusi alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akaanza kupiga hesabu. Hoteli hawaiwezi. Watoto na bibi yao hawawezi kulala juu ya mbao siku nne. Maana yake ni kurudi kesho asubuhi, na hata hizo ngazi hajazigusa. Uchungu ulimshika, tena hakuuficha.

"Nipe saa moja," Futi akasema, akatoka.

Alivuka barabara. Msusi alisimama dirishani akaona anakokwenda: ng'ambo palikuwa na karakana ya makochi, randa inalia, vumbi la mbao limetapakaa hadi nje. Hapo mbuzi kafia kwa muuza supu.

"Mama, baba anaonyeshwa kabati," binti akatangaza kutoka dirisha la pili. Baadaye kidogo: "Mama, anaishika milango yake."

"Usiniambie tena," msusi akasema.

Saa moja ikawa moja na nusu. Ndipo mlango ukafunguliwa, likaingia rundo la sponji lenye miguu. Nyuma yake alikuwa mwenye karakana na rundo jingine. Zilikuwa sponji za makochi, nene, bado hazijavishwa vitambaa, na zilitosha vitanda vyote vitatu. Mapacha walirukia za kwanza kabla hazijatua. Mwenye karakana akaaga, akaenda zake.

Msusi hakusema asante. "Lete mikono."

Futi akaileta. Msusi aliunusa mmoja, akaunusa wa pili, akachungulia kucha. Hakuna vanishi, hakuna unga wa mbao.

"Umempa nini yule?"

"Alitaka nimtundikie milango ya kabati, nusu siku tu. Imepinda, mteja anaisubiri. Nikamwambia niko likizo."

"Akakupa hivi hivi?"

"Alitaka rehani mpaka tuzirudishe." Futi akatazama viatu vyake. "Nimemwachia tepu yangu ya kupimia."

Tepu ile ya chuma alipewa na fundi wake siku aliyohitimu, na hajawahi kumwazima hata ndugu yake wa tumbo moja.

"Tepu ilifikaje huku? Begi nimelikagua mimi!"

"Ilikuwa mfukoni."

Mama mkwe alicheka mpaka akalala juu ya sponji. Msusi naye alitaka kukasirika, akashindwa.

Jioni ile walikwenda kuzitafuta ngazi zinazopanda zenyewe. Njiani, kila walipopita mlango, dirisha au benchi, mkono wa kulia wa Futi ulizama mfukoni ukatoka mtupu, kama ulimi unaotafuta jino lililong'oka. Msusi alivumilia mara saba. Ya nane, Futi alipoingiza mkono alikuta mwingine umetangulia, wenye vidole vigumu vya kusuka. Akaushika, wala hakuuachia.

"Mama anamwibia baba!" pacha mmoja akapiga kelele.

"Waacheni hao," bibi yao akasema. "Ndiyo kwanza wako fungate."