Winchi Nyuma ya Pazia

Nikutegee, na usijibu haraka. Ndugu wamekaa duara, migongo ndani, nyuso nje. Ukiwahesabu bila kumfunga mmoja wao uzi, wa kwanza atakuitikia mara mbili. Ni akina nani hao?

Kaa na fumbo hilo. Hata mkwe wangu Laban lilimchukua muda, na yeye alikuwa amewashika mkononi.

Nilikuja Doha mwezi wa Mei kulea mjukuu, binti yangu Millicent alipomaliza likizo ya uzazi. Millicent ni nesi. Wanaishi Najma, chumba kimoja na jiko, juu ya duka la fundi cherehani. Sasa, kwetu Bungoma mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, hali naye meza moja, hamwangalii usoni wala hamwiti jina lake. Najua vijana wanacheka. Lakini mimi nimezeeka na hayo, na Laban amelelewa vizuri. Kwa hivyo nikawa nalala kwa Shamira, Mganda wa mlango wa pili, na asubuhi nikisikia viatu vya Laban vimeshuka ngazi ndipo navuka kwenda kwa mtoto. Miezi miwili hatukugongana hata siku moja.

Mpaka Alhamisi moja ya Julai.

Laban alikuwa dereva. Mwezi wa Aprili karakana moja kule Industrial Area ilimchukua kwa majaribio, kutengeneza modeli, yaani majumba na mashine zilizopunguzwa mpaka zinakaa juu ya meza. Majaribio yalikuwa yanaisha Alhamisi hiyo, na kazi ya kumpima ilikuwa winchi ya Mzee Jassim. Mzee huyu alianza kazi bandarini akiwa kijana, akizungusha winchi ya mkono ya kuvuta mizigo. Sasa amestaafu, anakaa mtaa wa Pearl, na aliitaka winchi yake tena, ndogo ya kutosha kiganjani, lakini izunguke kama ile. Fomeni wa Laban, Jeremiah, alisema wazi: mzee akiipokea, Laban anaandikwa kazi. Akiikataa, karatasi zake zinaisha na anarudi Kenya, Millicent na mtoto wabaki hapa.

Basi AC ya karakana ikafa Jumanne, vidole vikawa vinateleza kwa jasho, na Jumatano usiku Laban akaileta winchi nyumbani aimalizie. Asubuhi ya Alhamisi, kabla ya kwenda zamu, Millicent alifunga shuka kutoka kabatini mpaka dirishani. "Mama upande huu, Laban upande ule," alisema. "Mkiwa na neno, kuna Tiffany."

Tiffany ana miezi saba.

Saa nne asubuhi nilianza kuisikia ile sauti nyuma ya shuka. Krr, krr, krr, tk. Kimya. Tupa ikakwaruza kidogo. Krr, krr, krr, tk.

"Wewe kitu kidogo," Laban alinong'ona, "nimekukosea nini?"

Simu ikalia, akaiweka kwenye spika. "Laban, iko?" Huyo Jeremiah.

"Iko karibu, fomeni."

"Karibu ni mtaa gani? Saa tisa niko hapo chini na pikapu. Na ujue huyo mzee haji kutazama. Anakuja kuzungusha."

Tupa ikarudi. Nikamsikia Laban akihesabu meno ya gurudumu lililokuwa likikwama, gurudumu ambalo kwa ukubwa halikushinda punje ya mahindi. "Ishirini na mbili, ishirini na tatu, ishirini na nne. Sawa. Sasa shida ni nini?"

Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya winchi yenyewe ya zamani, na Millicent alipofunga shuka, picha ilibaki upande wangu. Mimi ni mtu wa kuhesabu. Nimeshona sketi za shule miaka thelathini, na ukikosea rinda moja, sketi nzima inakwenda upande. Nikambeba Tiffany mgongoni, nikachukua kijiti cha meno, nikahesabu meno ya lile gurudumu pichani. Ishirini na tatu. Nikabandika kipande cha uzi kwenye jino la kwanza kwa tone la uji wa mtoto, nikarudia. Ishirini na tatu.

Nikakaa chini.

Ilikuwa inakaribia saa sita. Ningesema nini, na ningemwambiaje? Mama mkwe kukosoa kazi ya mikono ya mkwewe ni kama kumfunulia shuka akiwa anaoga. Na kama macho yangu ndiyo yaliyokosea, nimemharibia saa tatu zilizobaki. Krr, krr, krr, tk. Kila nikisikia ile tk nilimwona Millicent akimsindikiza uwanja wa ndege.

Nikampakata Tiffany, nikapaza sauti. "Tiffany, nikutegee. Ndugu wamekaa duara, migongo ndani, nyuso nje. Ukiwahesabu bila kumfunga mmoja wao uzi, wa kwanza atakuitikia mara mbili. Ni akina nani?"

Tupa ikasimama. "Tiffany," Laban alisema taratibu, "mwambie nyanya leo baba hana nafasi ya vitendawili."

"Tiffany, mwambie baba kwani nani amemtegea mtoto?"

Nikasikia kidole kikigonga simu, ana picha ile ile humo. Akahesabu kwa mnong'ono. Akasita. "Tiffany, muulize nyanya, uzi unafungwa kwa nani?"

"Kwa yeyote. Duara halina kichwa. Ila ukimfikia tena, nyamaza."

Akaanza upya. Alipofika ishirini na tatu, alinyamaza.

"Ni meno," alisema mwishowe. "Tiffany, baba yako alihesabu jino moja mwanzo na mwisho. Ndiyo maana yamebanana." Kisha kiti kikalia, kama mtu amejiangusha. "Ishirini na nne nilikunja karatasi tu. Nusu, robo, thumuni, kila thumuni mara tatu. Ishirini na tatu haikunjiki. Inataka mashine, na mashine iko karakana, na sasa ni saa sita na nusu."

Hapo sikungoja Tiffany. Niliiambia shuka. "Kuna kopo la maziwa ya chai hapa, tupu. Na kuna karatasi ya mistari. Kiuno cha mtoto hakijali kama idadi ya marinda inakunjika nusu kwa nusu; ukitaka ishirini na tatu, unayapata."

Nilikata utepe wa karatasi unaozunguka kopo mara moja barabara. Nikaulaza mshazari juu ya karatasi ya mistari, ncha moja kwenye mstari wa kwanza, nyingine kwenye wa ishirini na nne. Kati yao kuna nafasi ishirini na tatu, sawasawa zote, hutaki hesabu. Kila mstari ulipokatiza nikatia alama. Utepe ukizungushwa kopo, alama ya kwanza na ya mwisho zinakutana, zinakuwa moja. Nikaubandika, nikalibingirisha kopo chini ya shuka.

Kopo likainuliwa upande wa pili. Halafu, "Naelewa." Nikamsikia akijisemea kila hatua, akibandika kwa gundi kiduara kipya cha shaba katikati ya kitako cha kopo, akivuta uzi kutoka alama hadi kitovu, akichora kwa ncha ya wembe. Kisha tupa, jino moja baada ya jingine. Saa saba. Saa nane. Tiffany alilala na kuamka. Sikuthubutu hata kuosha kikombe.

Adhana ya alasiri ilipoanza, honi ya pikapu ilikuwa tayari inalia chini.

"Pini," Laban alisema. "Pini imeanguka."

Pini ya kushikia gurudumu, nusu ya punje ya mchele. Nikatazama sakafuni, sikuiona. Nikamtazama Tiffany, aliyekuwa amefika pembeni mwa shuka akitambaa. Alikuwa anatafuna.

Nilimfungua kinywa kwa kidole na kumwinamisha kichwa chini. Ufizi. Chini ya ulimi, mate tu. Upande wa kushoto, kando ya shavu, kitu kikanichoma. Nikakitoa kwa ukucha. Tiffany akalia, nikashukuru kulia kwake.

Sikumpa Laban mkononi. Niliiweka kwenye kifuniko cha chupa, nikakisukuma chini ya shuka, na vidole vyake vikangoja mpaka vyangu viondoke.

Krr, krr, krr, krr, krr. Nilingoja tk. Haikuja.

Akafunga boksi. Alipokuwa mlangoni nikasema, "Tiffany, muulize baba, mzee akihesabu atapata ngapi?" Lakini viatu vilikuwa vimeshashuka ngazi.

Saa kumi na mbili Millicent alirudi, hakuvua hata viatu vya zamu. Nilimwambia kila kitu. Tukakaa, ugali ukapoa, kila mlango uliogongwa ghorofani ulitushtua. Saa mbili ufunguo ukazunguka. Laban alipita upande wake wa shuka, akakaa.

"Imekuwaje?" Millicent aliuliza.

Alijibu kwa kupaza sauti upande wangu. "Tiffany, mwambie nyanya, mzee hakuzungusha kwanza. Alichukua kioo cha kukuzia, akaweka ukucha kwenye jino moja, na hakuuondoa mpaka akarudi palepale. Fomeni alikuwa anatokwa jasho ndani ya AC ya ofisini."

Shuka ilitikisika kidogo, kama mtu ameegemeza kichwa chake hapo.

"Ishirini na tatu, mama," alisema. "Jumapili, ofisi ikifunguliwa, naandikwa kazi."