Mita ya Nyumbani

Cwii.

Sauti ilitoka gizani, nyembamba kama uzi, kisha ikakatika. Wawira alizuia pumzi. Chumba kilikuwa na dirisha moja tu, nalo alilifunika kwa magunia ya kahawa ili joto lisitoroke, hivyo hakuona kitu ila taa ndogo nyekundu ya mashine ya kuangulia mayai. Akabandika sikio kwenye mlango wake wa bati. Cwii, tena, na nyingine ikajibu kutoka trei ya chini.

Vifaranga walikuwa wakilia ndani ya maganda. Ilikuwa siku ya kumi na tisa. Zikipita siku mbili zaidi, mayai mia tatu na sitini yangepasuka. Siku mbili za stima, basi. Mungu akimpa hizo, hangeomba kingine mwaka huo.

Lakini ndani ya mfuko wa aproni alikuwa na karatasi ya onyo: alipe bili ya miezi minne au laini ikatwe. Na bili haikulipika. Tangu korona iingie, shule zilifungwa, hoteli za mjini Meru zikafungwa, na vifaranga wa awamu tatu zilizopita walikosa mnunuzi hata akawagawa bure. Mumewe, Murungi, alikuwa Nairobi, na Nairobi ilikuwa haiingiliki wala haitokeki. Tena mayai haya hayakuwa yake. Wanawake kumi na wawili wa kanisani ndio waliyaleta, kila mmoja ametia alama kwa penseli: Teresia msalaba, Gladys duara, mwingine mistari miwili. Walimwamini. Mashine ikipoa nusu siku, atawarudishia vifaranga waliokufa wakiwa wameshaota manyoya.

Tumaini lilikuwa moja. Redio ilitangaza kwamba wenye biashara ndogo wangepewa miezi mitatu bila kukatiwa stima, deni walipe polepole baadaye. Maofisa wa stima walikuja na kupiga hema kwenye uwanja wa kiwanda cha kahawa cha Githongo, siku hiyo moja tu, mwisho saa kumi. Wawira alienda mbio. Akanawa mikono, akasimama kwenye alama ya chokaa, zamu yake ikafika mbele ya kijana mwenye barakoa ya buluu na kadi kifuani iliyoandikwa Adrian.

"Mama, hii mita ni ya nyumbani," Adrian akasema.

"Nyumbani wapi? Ni mashine ya mayai. Na kabla ya mayai kilikuwa kinu cha posho, miaka kumi na minane! Githongo yote imesaga pale."

"Naamini. Lakini hapa imeandikwa nyumbani, na mmekuwa mkilipa bei ya nyumbani. Nafuu hii ni ya biashara. Mwenye akaunti anaitwa nani?"

Mwenye akaunti alikuwa baba mkwe wake. Siku alipotoka kwao Embu kuja kuolewa, nyanya yake alimwonya jambo moja kabla ya mengine yote: jina la baba wa mumeo lisipite mdomoni mwako. Miaka tisa, halikuwa limepita. Wawira akaisukuma bili chini ya pazia la plastiki lililowatenga na kuonyesha kwa kidole.

"Kiunga," Adrian akasoma. "Huyu akuje mwenyewe, aseme ilikuwa biashara tangu mwanzo, atie sahihi. Bila hiyo siwezi. Na ufanye haraka, mama. Gari la kukata liko barabarani leo."

Wawira alimpigia mumewe simu akiwa njiani.

"Mimi?" Murungi akaruka. "Nimwambie mzee kwa simu kwamba alidanganya? Afadhali korona!"

"Basi nani amwambie? Mama yako ndiye alikuwa anatubebea maneno mimi na mzee, na tulimzika."

Simu ikakatika. Salio liliisha, au Murungi aliikata mwenyewe, Mungu ndiye ajuaye.

Lakini nyanya wa Embu hakufundisha jambo moja. Alifundisha mawili. Neno lisilosemeka kwa mkwe, alisema, huambiwa ng'ombe.

Mzee Kiunga alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na zizi, akinoa panga. Alikuwa na miaka sabini na sita na hakuwa ametoka boma lake tangu Machi. Wawira alipita bila kumtazama, akachukua fungu la majani, akamtupia ng'ombe.

"Maskini wewe ng'ombe," akasema kwa sauti ya kutosha, "unakula ukidhani dunia ni shwari. Hujui leo stima inakatwa."

Panga likasita juu ya jiwe.

"Ng'ombe," mzee akasema bila kugeuza shingo, "kwani redio haikusema wenye biashara wasikatiwe?"

"Redio ilisema, ng'ombe. Lakini kuna mtu wa zamani aliyeandika kwamba kinu ni nyumba."

Jiwe likalia mara moja, kwa hasira.

"Ng'ombe, huyo mtu wa zamani alikuwa na watoto watano shuleni na kinu kimoja."

"Najua. Na mmoja wa hao watano ndiye aliyenioa. Silaumu mtu, ng'ombe wangu. Nasema tu kwamba saa nane imepita."

"Mwambie huyo anayekulisha kwamba mimi ni mzee wa kanisa! Nilisimama mbele ya watu nikakemea mizani ya uongo, wengine wakalia. Leo nikasimame kiwandani niseme nini? Mbele ya Teresia na mdomo wake?"

"Teresia ana mayai thelathini mle ndani, ng'ombe. Atajua tu. Kama si leo kwa kusikia, ni kesho kwa kufukia."

Ng'ombe alicheua, akawatazama wote wawili kwa zamu kama hakimu asiye na haraka. Wawira alikuwa na haraka. Jasho lilimtiririka mgongoni. Kila gari lililonguruma barabarani lilimfanya ageuke kutazama. Alitamani kumshika yule mzee kwa mabega amburute, akabaki ameng'ang'ania nguzo ya zizi mpaka vidole vikamuuma.

"Ng'ombe," mzee akasema mwishowe, sauti imeshuka. "Mwambie aniletee koti."

Walifika uwanjani saa tisa na robo, mzee mbele ndani ya koti la Jumapili, Wawira hatua kumi nyuma. Watu walimpisha kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyomwelemea zaidi. Adrian aliuliza kwa upole, lakini uwanja mzima ulikuwa umetega masikio.

"Mzee, pale penye mita palikuwa nyumba ama biashara?"

Mzee Kiunga alivuta barakoa chini.

"Palikuwa kinu. Niliandika nyumba ili nilipe kidogo. Hakuna aliyenituma."

"Aa, mzee wa mizani!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na vicheko vikaanza.

"Nyamaza wewe!" Teresia akageuka, mikono kiunoni. "Kahawa yako huloweshwa maji kabla ya kupimwa, unadhani hatujui?"

Vicheko vikamhamia yule mtu. Mzee akatia sahihi polepole, herufi moja moja. Adrian akapiga muhuri.

"Miezi mitatu hamtakatiwa. Lakini kuanzia leo mtalipa bei ya biashara. Na hiyo miaka ya nyuma, mzee, siwezi kukudanganya. Itaamuliwa Meru. Wanaweza kukuita."

Kabla mzee hajajibu, Wawira aliliona. Gari jeupe, ngazi imefungwa juu, likikunja kona kuingia njia ya kwao. Aliinyakua karatasi mezani na kukimbia.

Alikata katikati ya mibuni, matawi yakimchapa uso, kiatu kimoja kikabaki matopeni. Alipotokea upande wa pili, fundi alikuwa tayari juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika nguzo, mwingine umeshika koleo.

"Usikate! Nimepewa miezi mitatu! Ona muhuri!"

"Mama, mimi nina orodha, na sisomi muhuri kutoka huku juu," fundi akasema, koleo limeshagusa waya. "Akaunti ya nani? Nipe jina nipigie ofisi."

Wawira alifungua mdomo. Miaka tisa hakuwa amelitaja. Akageuka nyuma: mzee hakuwa ameonekana bado. Akaisikia tena ile sauti ya asubuhi, au alidhani ameisikia, nyembamba, gizani, ikiita.

"Kiunga!" akapiga kelele hata mbwa wa jirani wakabweka. "Kiunga! Andika Kiunga!"

Fundi akatoa simu. Akasikiliza. Akasema ndio, ndio, imebadilishwa sasa hivi, sawa. Akaning'iniza koleo kiunoni na kuanza kushuka, kidato kimoja baada ya kingine, taratibu mno.

Wawira alipogeuka, mzee alikuwa amesimama kwenye lango, anahema, ameshika kiatu cha Wawira chenye matope. Alikuwa amesikia. Githongo yote ilikuwa imesikia. Wawira akainamisha kichwa akingoja.

Mzee alipita zizi. Ng'ombe akainua kichwa.

"Siongei na wewe," mzee akamwambia ng'ombe. Akakiweka kiatu chini mbele ya Wawira na kumtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu alipoingia katika boma lile.

"Mwanangu," akasema, "siku watakaponiita Meru kwa ile miaka ya nyuma, nitakwenda kwa miguu yangu, na jina langu nitalitaja mwenyewe. Deni hilo halitakufikia wewe. Nakuahidi."